Kifo cha Vifaranga Kisisingiziwe Kudra

Wahenga walisema kwamba kuku wa mkata hatagi, na akitaga haangui, na akiangua halei, na akilea huchukuliwa na mwewe. Methali hii imetumika miaka mingi kueleza mkosi wa mtu asiye na kitu, ambaye kila alishikalo humponyoka. Lakini tukiitazama kwa jicho la mfugaji tutaona kwamba ndani yake mna hatua zote za ufugaji: kutaga, kuangua, kulea na kukinga. Watu wengi hushughulika na hatua ya kwanza na ya pili. Hununua mbegu bora, hutafuta jogoo wa Kuchi mwenye kimo, huagiza mashine ya kutotoleshea mayai. Hatua ya tatu, ya kulea, huachiwa Mungu. Na vifaranga wanapokufa, tunasema ni kudra.

Leo tunapenda kusema wazi kwamba si kudra. Vifaranga wengi wanaokufa katika wiki zao mbili za kwanza hufa kwa jambo linalozuilika, na jambo lenyewe ni baridi.

Tumeuchukua mfano wetu Namasakata, katika Mkoa wa Ruvuma ambao makao yake ni Songea. Wasomaji wetu wa visiwani huenda wakauliza kwa nini tumekwenda mbali kiasi hicho kutafuta habari za kuku. Sababu ni mbili. Ya kwanza ni kwamba katika mkoa ule baridi haina mficho. Mji wa Songea uko juu katika nyanda, na usiku wa Juni na Julai joto lake hushuka chini ya nyuzi 15 za sentigredi. Ya pili ni kwamba mfugaji wa Namasakata na mfugaji wa Micheweni, ingawa hawajuani, wana shida moja: wote wawili wako mwisho wa njia. Yule hungoja sanduku la vifaranga lifike kwa gari, na huyu hulingoja livuke bahari. Hilo tutalieleza.

Kifaranga hutoka katika yai baada ya siku 21 akiwa na uzito wa gramu 40 hivi. Mwili wake umefunikwa na malaika tu, manyoya hasa bado hayajaota. Kuku mzima hujitunzia joto la mwili la nyuzi zipatazo 41, iwe mvua iwe jua. Kifaranga hana uwezo huo. Katika wiki mbili za kwanza mwili wake hufuata joto la mahali alipo, na ndiyo maana mama yake humfunika kwa mbawa mara kwa mara, mchana na usiku. Anayemwondoa kifaranga kwa mama yake, au anayemnunua kutoka mashineni ambako mama hayupo kabisa, amejitwika kazi ya mbawa hizo. Hakuna njia ya katikati.

Mwenyezi Mungu, hata hivyo, hakumleta kifaranga duniani bila masurufu. Kabla ya kuvunja ganda, kiini cha yai huingia tumboni mwake, na hicho kiini humlisha kwa siku mbili hadi tatu. Hiyo ndiyo siri inayowawezesha wenye viwanda vya vifaranga kuwapakia katika maboksi na kuwasafirisha bila chakula wala maji. Kutoka Dar es Salaam hadi Songea kwa barabara ya Iringa na Njombe ni zaidi ya kilomita 900. Kifaranga anayepelekwa upande huo amekula sehemu kubwa ya akiba yake njiani. Na aliyeagizwa na mfugaji wa Pemba kutoka Bara amengoja bandarini, amepigwa na upepo wa bahari, kisha amebebwa tena kwa gari hadi kijijini. Wote wawili hufika wakiwa wamechoka, wana kiu, na wamebakiwa na saa chache za kujiokoa. Kwa sababu hiyo usiku wa kwanza, ambao kwa mfugaji aliye karibu na kiwanda ni usiku kama mwingine, kwa mfugaji aliye mwisho wa njia ndio unaoamua faida au hasara.

Basi joto linalotakiwa ni kiasi gani? Wataalamu wamekubaliana kwamba katika wiki ya kwanza mahali walipo vifaranga pawe na joto la nyuzi 32 hadi 35, na kila wiki lipunguzwe kwa nyuzi 2 au 3, mpaka manyoya yatakapokuwa yameota, kiasi cha wiki ya nne au ya tano. Hapa ndipo tunapotaka ndugu zetu wa visiwani wasikilize. Wengi huamini kwamba Unguja na Pemba hakuna baridi ya kuua kiumbe. Ni kweli kwamba wakati wa kipupwe usiku wa Unguja huwa na nyuzi 22 hivi, na mtu mzima hujifunika shuka moja akalala. Lakini toa 22 katika 35, utapata upungufu wa nyuzi 13. Kwa kifaranga wa siku moja huo si ubaridi wa kupendeza. Tofauti ya Namasakata na Micheweni ni wingi wa mkaa utakaotumika, lakini haja ya kuwasha moto ni ile ile.

Kipimajoto ni chombo kizuri, na anayeweza kukinunua akinunue, akitundike kimo cha mgongo wa kifaranga, si ukutani juu. Lakini asiyekuwa nacho asikate tamaa. Wamisri wa kale walitotolesha maelfu ya mayai katika majiko makubwa ya udongo bila kipimajoto chochote. Fundi wao aliliweka yai juu ya kope ya jicho lake, akajua kama joto latosha. Mfugaji wetu anacho kipimo kilicho bora kuliko kope, nacho ni vifaranga wenyewe. Wakijikusanya chini ya taa, wamepandana na kulia kwa sauti kali, wanasikia baridi. Wakikimbilia pembeni, midomo wazi na mbawa zimelegea, joto limezidi. Wakijibanza wote upande mmoja, upepo unaingia kutoka upande wa pili. Na wakiwa wametawanyika, huyu anakula, yule anakunywa, mwingine amelala amejinyoosha, na sauti zao ni za chini, basi mambo ni mazuri. Njia nyingine ni kumshika kifaranga na kumgusisha miguu shavuni: ikiwa ya baridi, na mwili wake umepoa. Kipimo hiki hakina gharama, ila chataka mtu aamke usiku.

Mahali pa kulelea vifaranga, ambapo wafugaji wengi siku hizi hupaita bruda, hapahitaji saruji wala mabati mapya. Mduara wa ubao mwembamba, wa mkeka mgumu au wa maboksi yaliyofunguliwa, wenye kimo cha sentimita 45 hivi, watosha. Lazima uwe mduara, kwa kuwa penye kona vifaranga hurundikana na walio chini hukosa pumzi. Asubuhi mfugaji hukuta maiti zilizobanana, akadhani nyoka au kicheche aliingia. Kwa kuanzia, vifaranga 50 watosha katika eneo la mita moja ya mraba. Baada ya hapo mduara upanuliwe kila wiki kadiri wanavyokua.

Chini pawekwe maranda ya mbao au maganda ya mpunga, makavu, yenye unene wa sentimita 5 au zaidi. Ruvuma hulima mpunga, na karibu na mashine za kukoboa maganda hutupwa. Ni mali inayotupwa. Kwa siku mbili tatu za mwanzo yatandikwe magazeti juu ya maganda ili vifaranga wasiyale kabla hawajatambua chakula, nasi hatutaona vibaya gazeti hili likitumika kwa kazi hiyo likishasomwa. Lakini karatasi nyororo yenye kuteleza isitumike, na hata ya gazeti iondolewe mapema, maana kifaranga anayeteleza hutanuka miguu na huwa kilema.

Moto wenyewe waweza kutoka katika vyanzo mbalimbali, na kila kimoja kina uzuri na hatari yake. Balbu ya umeme ni safi na rahisi kupandishwa na kushushwa. Songea iliunganishwa na gridi ya taifa mwaka 2018, na nguzo zimeendelea kwenda vijijini. Lakini anayetegemea umeme peke yake amekabidhi kuku wake kwa waya. Watu wa Unguja hawahitaji kuhadithiwa: tangu Desemba 2009 hadi Machi 2010 kisiwa kizima kilikaa bila umeme wa gridi kwa sababu ya hitilafu katika njia ya kuupokea kutoka Bara. Aliyekuwa na vifaranga chini ya balbu katika wiki ile ya kwanza, na hakuwa na kandili wala mkaa, mwisho wake waeleweka. Kwa hiyo tunasema: penye balbu pawe na jiko pembeni, limeshatayarishwa.

Jiko la mkaa, au chungu kilichotobolewa ubavuni, hutoa joto zuri na la muda mrefu. Hatari yake ni hewa ya sumu, ambayo haina rangi wala harufu, nayo huua vifaranga na binadamu pia. Mkaa uwashwe nje mpaka uwe mwekundu mzima, ndipo uingizwe. Na chumba kiwe na matundu karibu na dari, ambapo hewa chafu itatokea bila upepo kuwapiga vifaranga chini. Asilale mtu ndani ya chumba hicho. Jiko lizungushiwe waya au matofali, kwa kuwa maganda makavu hushika moto upesi, na nyumba nyingi za vijijini zimeezekwa kwa nyasi au makuti. Mahali pasipo umeme, na mkaa ukawa ghali, lipo sanduku la nyasi kavu ambalo wataalamu wa Ethiopia wamelieneza kwa wafugaji wadogo: vifaranga hulala katika nafasi ndogo iliyozungukwa na kufunikwa kwa nyasi, wakapashana joto la miili yao. Sanduku hilo halifai kwa siku za mwanzo bila msaada wa moto katika nchi ya baridi, lakini baadaye huokoa mkaa mwingi.

Jambo moja husahauliwa na wengi. Bruda huwashwa moto kabla vifaranga hawajafika, na si baada ya kufika. Maganda yaliyopoa tangu jana hunyonya joto la miguu ya kifaranga hata kama taa inawaka juu yake. Anayetarajia boksi Jumamosi na awashe Ijumaa.

Wakishafika, maji kwanza. Maji yawe na uvuguvugu, na kwa saa za mwanzo yaweza kutiwa sukari kidogo, hasa kwa waliosafiri mbali. Kila kifaranga achovywe mdomo mara moja, ajue mahali palipo na maji. Chombo kiwe cha kina kifupi au kiwekwe vijiwe, wasizame. Baada ya maji ndipo chakula, nacho kiwe na protini ya asilimia 18 hadi 20. Hapa Ruvuma haina sababu ya kulalamika, kwani ni miongoni mwa mikoa inayoongoza kwa mahindi nchini, na Ziwa Nyasa liko mpakani mwake na dagaa wake waitwao usipa. Visiwani mahindi ni machache, lakini dagaa ni tele. Usiku ukiingia, mpapase kifaranga kifuko cha chakula chini ya shingo: kikiwa kimejaa na ni laini, amekula na kunywa, kikiwa kitupu, ameshindwa, na mara nyingi ameshindwa kwa baridi. Maana kifaranga anayesikia baridi hatoki chini ya taa kwenda kutafuta chakula. Hufa njaa akiwa hatua tatu kutoka penye sahani.

Tumeyaeleza haya kwa kirefu kwa sababu baridi ina hila moja: hujificha nyuma ya majina ya magonjwa. Kifaranga aliyepigwa na baridi hulegea, husinzia, huharisha na kuganda uchafu mweupe nyuma. Mfugaji akiona hivyo husema ni kuhara nyeupe, akakimbilia duka la dawa na kununua antibiotiki. Ugonjwa wa kuhara nyeupe upo kweli, huletwa na bakteria na hupitishwa na mama katika yai, na dawa ya kuuzuia ni kupata vifaranga kutoka kwa wazazi waliopimwa. Lakini si kila uchafu mweupe ni ugonjwa huo, wala hakuna dawa ya chupani inayoponya baridi. Kadhalika kuhara damu, unaokuja baada ya wiki mbili tatu, hupenda maganda yaliyoloa na kunuka. Ukiinama ndani ya bruda ukawashwa macho, ujue vifaranga wanaoishi humo mchana na usiku wanaumia zaidi yako. Maganda yaliyoloa yaondolewe siku hiyo hiyo.

Hatusemi kwamba joto ni kila kitu. Mdondo, ambao wengine huuita kideri, huweza kumaliza kuku wa kijiji kizima, na aliyelea vizuri hupoteza sawasawa na aliyelea vibaya. Kinga yake ipo. Chanjo ya I-2, inayostahimili joto kuliko chanjo nyingine za mdondo, hutengenezwa hapa nchini na Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania. Ni tone moja la jichoni, hutolewa kifaranga akiwa na umri wa siku chache na kurudiwa kwa ratiba ya mtaalamu, kisha kila baada ya miezi mitatu. Gumboro na ndui nazo zina chanjo zake. Mwezi Juni 2025 Serikali ilizindua huko Bariadi kampeni ya kitaifa ya chanjo ya mifugo, ikiwajumuisha kuku wa asili. Ni hatua ya kupongezwa. Lakini chanjo haimfai kitu kifaranga aliyekufa kwa baridi usiku wa pili, kabla mchanjaji hajafika.

Na sasa tunawageukia viongozi na watumishi wa Serikali. Sheria inazitaka halmashauri za Bara zitenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya vikundi: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Ufugaji wa kuku ni mradi unaopendwa na vikundi hivyo, kwa kuwa hautaki shamba kubwa na faida yake haikawii. Lakini kikundi kilichokopa fedha, kikanunua vifaranga 300, kikapoteza 150 katika wiki ya kwanza, hakiwezi kurudisha mkopo hata wanachama wake wawe waaminifu namna gani. Deni hubaki, na jina la kikundi huharibika. Afisa huandika katika taarifa yake kwamba vifaranga 300 walitolewa, na taarifa hiyo ni ya kweli; ila haisemi wangapi walikuwa hai mwezi uliofuata.

Kwa hiyo tunatoa mapendekezo matatu. Kwanza, mradi wowote wa vifaranga, uwe wa halmashauri au wa mfadhili, Bara au Visiwani, upimwe kwa idadi ya walio hai siku ya 30, na si kwa idadi ya waliogawiwa. Pili, Afisa Mifugo wa kata aikague bruda ikiwa imeshawashwa moto kabla boksi la kwanza halijaagizwa. Ukaguzi wa saa moja waweza kuokoa mkopo wa mwaka mzima. Kama afisa hana usafiri wa kufika kijijini, basi apewe, maana bei ya mafuta ya pikipiki ni ndogo kuliko hasara. Tatu, redio zitumike. Nchi hii ilifanya kampeni ya Mtu ni Afya mwaka 1973 na ya Chakula ni Uhai mwaka 1975, watu wakakusanyika vijijini kusikiliza vipindi na kujadiliana. Somo la kulea vifaranga ni fupi kuliko masomo yale, na lingeweza kutangazwa kila mwaka mwezi Mei, kabla ya baridi.

Kwa wafugaji wa kuku wa asili, ambao hawanunui vifaranga wala hawana mashine, tunasema kwamba bruda ni yao pia. Mama mwenye vifaranga huwalea miezi miwili au zaidi bila kutaga, na katika muda huo vifaranga hufuatana naye majanini, kwenye umande, mvua na mwewe. Si ajabu kumi wakabaki watatu. Wanawake watatu au wanne wa nyumba jirani wakiwaatamisha kuku wao siku moja, wakawakusanya vifaranga katika bruda moja na kupeana zamu za usiku, mama wa kuku watarudi kutaga mapema, na vifaranga wengi zaidi watafika umri wa kuuzwa. Ushirikiano wa namna hii haungoji mkopo.

Visiwa vyetu hula kuku wengi, wa sikukuu, wa arusi na wa mahoteli, na sehemu ya kitoweo hicho huletwa kwa barafu kutoka ng'ambo. Mkoa wa Ruvuma una mahindi ya kulishia kuku, na bado kuku wake wa kuuza ni wachache kuliko uwezo wake. Pengo hilo halitazibwa kwa kununua vifaranga wengi zaidi ikiwa nusu yao watazikwa. Litazibwa na mtu mmoja katika kila nyumba ya mfugaji, atakayekubali kuamka saa nane za usiku, akasikiliza sauti za vifaranga, akaongeza mkaa, kisha akarudi kulala.